Picha Hamsini Nyuma

Namkunda alikuwa bado hajashusha begi la vifaa begani alipomwona mzee akiitikiwa salamu ambayo hakuitoa. Mzee alikuwa anapita zake mbele ya ofisi ya kata, mkongojo mkononi, mdomo umefungwa kabisa. Vijana watatu waliokaa ukutani wakamwambia kwa sauti nzito, kwa pamoja kama kwaya, "Marahaba, hujambo?"

Mzee alisimama. Aliwataja mmoja mmoja kwa majina ya baba zao, halafu kwa majina ya babu zao, na vijana wakakumbuka kwamba wana kazi mahali pengine. Kisha akamgeukia Namkunda na kumuuliza kama yeye ndiye fundi wa kioo aliyetumwa kutoka Same mjini.

"Ndiyo. Shikamoo babu," alisema Namkunda. Yalikuwa maneno yake mengi kuliko yote tangu asubuhi.

Mzee alishusha pumzi kama mtu aliyetuliwa gunia. "Marahaba, mwanangu. Wiki nzima sijaisikia hiyo."

Huyo ndiye alikuwa Mzee Senzota, mwenye malalamiko. Jumanne iliyopita baraza la kata lilikuwa linatazama, kwenye kioo chake kipya cha ukutani, mambo yaliyonaswa na vioo vidogo vya kamera vilivyofungwa kwenye nguzo za mfereji. Katikati ya mambo hayo akaonekana Mzee Senzota, miaka themanini na mbili, akimwambia kijana Heriel, miaka kumi na tisa, "Shikamoo." Na Heriel akaitikia, "Marahaba." Watu sitini waliona.

Mzee aliapa kwamba hakusema. Lakini tangu vioo vifungwe, mtu aliyekumbuka jambo tofauti na kioo alikuwa anaambiwa taratibu akapumzike. Mashahidi walikuwa wamebaki kwa ajili ya harusi tu. Binti yake wa mwisho alimpeleka zahanati akapimwe kumbukumbu, na mganga alipomuuliza leo ni siku gani, mzee alijibu kwamba ni siku ya mwisho kwake kukanyaga pale. Walimwandika kuwa mzima.

*

Mwenyekiti wa baraza, Bwana Mgonja, alimfungulia Namkunda ukumbi, akamsifia kioo kwa muda mrefu, akaondoka. Namkunda alifurahi alipoondoka. Mashine aliziweza, lakini watu walikuwa wanamtazama usoni wanapozungumza, na hapo maneno yake yalikuwa yanaingia ndani kama konokono.

Aliiangalia ile salamu mara ishirini. Mdomo wa mzee ulifunguka vizuri kwenye "shi", ukakaa vizuri kwenye "moo". Sauti ilikuwa yake, na mkwaruzo wake wote. Hakukuwa na kasoro hata moja, na hilo ndilo lililomtia wasiwasi. Video ya kweli huwa na kasoro.

Kioo cha zamani kilifungua video kwa akili kuu ya mashine, ile ile inayofanya shughuli nyingine zote, na kilipata moto mpaka paka wa ofisi akahamia juu yake. Kioo kipya kilikuwa na chipu maalumu ambayo kazi yake ni moja tu, kufungua picha. Ilitengenezwa kwa ajili ya wapenzi wa tamthilia za ng'ambo. Ikisikia maneno ya Kiswahili juu ya mdomo wa mwigizaji asiyejua Kiswahili, inauchora ule mdomo upya ufuate maneno, na maneno inayapa sauti ya mwenye mdomo. Sebuleni ilikuwa raha tupu. Hakuna aliyejiuliza itafanya nini barazani.

Namkunda aliacha kutazama midomo, akaanza kutazama kila kitu kisicho na mdomo. Nyuma ya Heriel kulikuwa na mtu anapiga jembe kwenye tuta. Sauti ya jembe ilisikika jembe likiwa bado liko hewani.

Alitoka kumtafuta mwenyekiti, akamwambia kwa sauti ndogo kwamba anahitaji kinu na mtu wa kutwanga. Bwana Mgonja alidhani fundi ana njaa, akaagiza aletewe chai na maandazi. Ilimbidi Namkunda ale kwanza, ndipo apate nguvu ya kueleza tena.

*

Kinu kilikuwa kwa Mzee Senzota mwenyewe. Mkewe, Bibi Nakiete, alikuwa anakoboa mahindi ya makande pamoja na wifi yake, Bibi Namsifu, dada wa mzee, ambaye shamba lake liko ng'ambo ya mfereji. Wazee wale wawili walikuwa wanatwanga kwa kupokezana, mchi huu ukipanda ule unashuka, huku wakimsema mtu fulani wa kanisani.

Namkunda aliwanasa kwa kioo chake cha mkononi, akairusha ile video kwenye kioo cha baraza, kikamrudishia mkononi ikiwa imefunguliwa na chipu yake, akaitazama. Haikuonyesha kitu. Walikuwa wanapatana mno. Kila kishindo kilipowahi kiliukuta mchi wa mwenzake ukitua. Akaomba atwange mmoja tu. Wakabishana kwa adabu nani ampishe mwenziwe, na adabu ile ikachukua robo saa. Mwishowe akaomba, huku anatazama viatu vyake, Bibi Nakiete apige pigo moja, asimame.

"Pigo moja?" alisema Bibi Nakiete. "Mwanangu, mjini mnakula mahindi na maganda yake?"

Lakini alipiga. Kwenye kioo, kishindo kilisikika mchi ukiwa juu ya kichwa chake, na kinu kikatulia kama kinachosubiri habari. Namkunda alihesabu picha moja moja mpaka mchi ulipotua. Hamsini. Kioo kinaonyesha picha ishirini na tano kwa sekunde. Basi picha zilikuwa zinachelewa nyuma ya sauti kwa sekunde mbili kamili.

Sekunde mbili si nyingi, lakini ndizo zinazomtosha mtu kusema neno na mwenzake kujibu. Mzee Senzota alimwita Heriel, Heriel akamwamkia, mzee akaitikia. Salamu ya Heriel ilipofika, kioo kilikuwa bado kinaonyesha mdomo wa mzee ukiita. Chipu ikaona mdomo na maneno havipatani, ikafanya kazi iliyofundishwa: ikauchora mdomo upya. Kila mtu kata nzima alikuwa amevishwa maneno ya aliyemfuata.

Namkunda alikuwa ametabasamu peke yake kwa kuipata hitilafu, na Bibi Namsifu, akiona tabasamu, akalitafsiri vingine. Akaanza kumweleza habari ya yeye na wifi yake. Miaka kumi na moja hawakusemeshana. Siku ya ubatizo wa mjukuu, Bibi Namsifu alisema mbele ya wageni kwamba makande ya Nakiete yana mawe. Basi. Tangu hapo kila mmoja, zamu yake ya maji ilipokwisha, alilifunga lango la ndiva, lile bwawa dogo linalolisha mfereji, kwa namna ambayo mwenziwe alipata tope. Maharage ya nyumba zote mbili yalikufa misimu kadhaa. Mzee Senzota, akiwa katikati ya mke na dada, alijifanya kiziwi.

Halafu, wiki tatu zilizopita, siku kioo kipya kilipowashwa, baraza likatazama mambo ya ndiva, na hapo wote wakajiona. Mzee Senzota alikuwa amesimama ukingoni akisema, "Makande yale hayakuwa na jiwe hata moja." Nakiete akasema, "Hayo mambo mimi sikumbuki." Namsifu akasema, "Nisamehe, nimekosea." Na mzee akamaliza, "Haya, yameisha. Fungueni maji."

"Mimi nilipojiona naomba msamaha nilishangaa," alisema Bibi Namsifu. "Nikajiambia, kumbe nina moyo mzuri hivi na sijui."

Bibi Nakiete alisema yeye msamaha haukumshangaza sana. Kilichomtoa machozi ni mumewe. Miaka kumi na moja alikuwa anangoja mtu yule afungue kinywa chake atetee makande, na kumbe alikwisha kuyatetea, yeye tu hakusikia kwa kelele za maji.

Tabasamu la Namkunda lilikuwa limekwisha. Alishukuru, akafunga begi, akaondoka bila kuonja makande.

*

Mzee Senzota alimfuata ofisini, akafunga mlango kwa mkongojo.

Alianza kwa kuzungumzia mvua. Akapita kwenye afya, akazunguka kwenye masomo ya wajukuu, halafu akauliza, kama mtu asiye na haja kubwa, je, fundi hawezi kurekebisha ile ya shikamoo peke yake. Namkunda alimweleza kwamba hitilafu ni moja. Video haihifadhiwi picha nzima nzima. Huhifadhiwa picha moja kamili, halafu maelezo ya nini kimebadilika, na mengine ya maelezo hayo hutegemea picha za mbele ambazo hazijaonekana. Kwa hiyo chipu hufungua picha za mbele kwanza, huziweka kwenye foleni, huzipanga, ndipo huzitoa. Foleni ya kioo hiki ina picha hamsini. Programu inayoiongoza sauti ilitakiwa iiulize chipu foleni yake ina urefu gani. Haikuuliza. Mtu mmoja, mahali fulani, aliandika sifuri na kwenda kula.

Mzee alisikiliza kwa makini. "Kwa hiyo makande nayo sikusema."

"Hukusema, babu."

"Najua sikusema," alisema mzee. "Nilikuwa hapo."

Akakaa. Akasema alipojiona kwenye kioo anamtetea mke wake alitaka kusimama akanushe, lakini Nakiete alikuwa ameshamshika mkono. Miaka kumi na moja hakuwahi kumshika mkono mbele za watu. Usiku huo alipewa maziwa. Sasa mtu akishapewa maziwa anaanzia wapi kukanusha?

Shida ilikuwa Kanuni ya Vioo. Kioo kikitengenezwa, fundi huandika tarehe hitilafu ilipoanza, na kila kilichoonyeshwa tangu tarehe hiyo hurudiwa mbele ya watu wale wale. Akiandika wiki tatu, makande yatarudiwa. Akiandika Jumanne, itarudiwa salamu peke yake, mzee atapata heshima yake, wifi wataendelea kutwanga.

"Andika Jumanne," alisema Mzee Senzota. "Nani ataumia?"

Namkunda alimpigia simu bosi wake, akitumaini kukatazwa. Bosi alisema Jumanne ni siku nzuri sana, arudi mapema.

Alitoka nje kupata hewa, akafuata mfereji. Mfereji ulijaa maji safi kwa wifi wote wawili. Chini kidogo alimkuta mtu akipanda mteremko na ndoo mbili, akimwagia nyanya kikombe kwa kikombe, na nyanya zenyewe zilikuwa zimekwisha kuinamisha vichwa. Aliitwa Zablon. Wiki ya pili ya kioo, baraza lilimwona akisema, kuhusu lango lililofunguliwa siku isiyo yake, "Nilifungua mimi." Wakamnyang'anya zamu mpaka masika. Namkunda alimuuliza kama kweli alisema.

Zablon aliinua ndoo. "Kioo kinasema nilisema," alijibu. "Mimi naona nilikuwa nauliza. Lakini mke wangu ananiambia nikapumzike."

Namkunda alirudi ukumbini. Kurekebisha kulichukua dakika nane: alifuta ile sifuri, mahali pake akaandika agizo la kuiuliza chipu foleni yake na kuichelewesha sauti kwa kiasi hicho hicho, halafu akaizima ile kazi ya kuchora midomo. Kujaza tarehe kulichukua saa nzima. Aliandika Jumanne. Akaifuta. Alimfikiria Bibi Nakiete na mkono alioshika. Akazifikiria zile nyanya. Mwisho aliandika tarehe ya siku kioo kilipowashwa, akabonyeza haraka kabla mkono haujabadili nia, na kisha akajificha chooni mpaka alipoitwa.

*

Watu walijaa, kwa sababu walisikia kwamba mzee atarudishiwa shikamoo yake. Bwana Mgonja alimwomba fundi aeleze. Namkunda alisimama akielekea ukutani, akauambia ukuta kwamba kioo kilikuwa kinachukua maneno ya mtu na kumpa aliyemtangulia, na kwamba wote waliotazama walitazama kwa uaminifu. Ukuta ulimsikiliza vizuri. Alipogeuka akakuta na watu wamenyamaza.

Ilianza salamu. Heriel akaonekana anaamkia, mzee anaitikia, na vijana watatu wa ukutani wakapata hamu ya kutazama dari.

Ikafuata ya lango. Zablon akaonekana anauliza nani kafungua maji. Na aliyejibu, "Nilifungua mimi, nilidhani leo Jumatano," alikuwa mwenyekiti, Bwana Mgonja.

Bwana Mgonja alitazama mpaka mwisho. Alisema kweli alikuwa na kumbukumbu fulani ya kufungua lango, lakini alipoona kioo kimemtaja Zablon alijiambia labda ameanza kuzeeka. Akampa Zablon zamu yake pale pale, na ya kwake akaikabidhi baraza. Zablon hakungoja mkutano uishe. Alikwenda kufungua maji.

Ndipo ikaja ya makande. Namkunda alitamani umeme ukatike. Haukukatika.

Mzee Senzota alionekana ukingoni mwa ndiva akisema tu, "Jamani, maji yanapita." Bibi Nakiete ndiye aliyesema, "Makande yale hayakuwa na jiwe hata moja." Bibi Namsifu akasema, "Hayo mambo mimi sikumbuki." Mzee akarudi nyuma hatua moja, buti lake likamkanyaga mkewe mguu, na mzee akasema, "Nisamehe, nimekosea." Na Bibi Nakiete, akisugua vidole, akamaliza, "Haya, yameisha. Fungueni maji."

Kumbe msamaha wote ulikuwa wa kidole gumba.

Watu walicheka, halafu wakaona wale bibi hawacheki, wakaacha. Bibi Namsifu alikuwa amejishika shavu. Bibi Nakiete alikuwa anamtazama mumewe tu. Alimwita kwa jina la mtoto wao wa kwanza, kama anavyomwita mambo yakiwa mazito.

"Baba Elifuraha. Kwa hiyo hukusema."

"Sikusema."

"Basi sema sasa. Watu wote wapo."

Mzee Senzota alisimama kwa mkongojo. Alitazama kioo, akamtazama dada yake, akamtazama mkewe. Ilikuwa wazi kwa kila mtu kwamba maneno yanayotakiwa ni machache na yote anayajua. Namkunda alimwona akifungua mdomo, akaufunga, akaufungua.

"Jiwe lilikuwepo," alisema.

Ukumbi mzima ulisikika ukivuta pumzi.

"Lilikuwepo moja. Nililipata mimi siku ile, kwenye sahani yangu. Nikaona nikilitema mbele ya wageni utaaibika. Nikalimeza." Akafikiri kidogo. "Lilikuwa kubwa."

Bibi Namsifu ndiye aliyetangulia, akisema polepole, kama anayehesabu, kwamba kwa hiyo miaka kumi na moja yeye ameitwa mwongo, wifi yake amesononeka, maharage yamekauka huku na huku, na jiwe muda wote lilikuwa tumboni mwa kaka yake.

"Na hukusema," alisema Bibi Nakiete.

"Hata mimi dada yako hukuniambia," alisema Bibi Namsifu.

"Anatutazama tunagombana, anakunywa chai."

"Anajifanya kiziwi, wifi. Kiziwi gani anasikia simu ikiwa shambani?"

Walikuwa wameinuka wote wawili bila kupanga. Walitoka ukumbini bega kwa bega, wakimsema njia nzima, kila mmoja akimkumbusha mwenziwe dhambi nyingine ya mzee ambayo alikuwa ameisahau, na sauti zao zikasikika mpaka chini kwenye mfereji. Mzee Senzota alibaki amesimama. Alimuuliza Namkunda kwa unyonge kama ile hitilafu imetupwa kabisa au kuna mahali imehifadhiwa.

Siku ya pili Namkunda alipitia kwao kuchukua kipande cha waya alichosahau uani. Mzee alikuwa amekaa kwenye kigoda, ungo wa maharage magotini, miwani imeshuka puani, anachambua. Mkewe alikuwa kulia kwake, dada yake kushoto, mikono yao imekunjwa, hawamsaidii. Mzee aliokota kitu kidogo cheusi, akakigeuza kwenye mwanga, akakinusa, akawauliza kama hili ni jiwe au ni harage.

"Meza," walisema wote wawili kwa pamoja.